Sura ya 5: Kama Ngoma Ilikuwa Kali, Mbona Iliachwa?

Swali hili huulizwa na watu wa rika zote huku Eastlands, Nairobi. Kijana wa Umoja anamsikia mjomba wake akisifu wimbo wa kundi la Kalamashaka ambao haumo kwenye Ni Wakati, albamu yao ya 2001. Anautafuta kwenye simu, anaukosa, kisha anauliza: kama ngoma ilikuwa kali hivyo, mbona iliachwa? Mama wa Jericho anamwona mumewe akirudi na santuri kuukuu aliyoinunua kwa pesa za unga, na kinachomuudhi zaidi ni kwamba mzee anaigeuza na kucheza upande ambao haukuwahi kusikika redioni. Naye anauliza lile lile.

Swali lenyewe limebeba dhana kwamba redio na maduka ya muziki huchuja kwa haki, kizuri kikapanda na kibaya kikabaki chini. Kwa muziki wa Eastlands dhana hiyo haisimami. Nyimbo ziliachwa kwa sababu santuri ilikuwa na nafasi ya dakika chache, kwa sababu studio ililipiwa kwa saa, kwa sababu mtangazaji alikuwa na taarifa ya habari ya kusoma saa ilipotimia. Ubora ulihusika mara chache kuliko tunavyofikiri. Waliotunza zilizoachwa ni mashabiki, katika masanduku chini ya vitanda na katika kanda zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine. Ndiyo maana mkusanyo wa nyimbo adimu unapotoka, uwe umetolewa na kampuni ya London au na wasanii wenyewe, mimi huanza kwa kusikiliza mashabiki wanasemaje. Walizijua nyimbo hizo wakati hapakuwa na mtu mwingine aliyezitaka.

Upande B ulitoka wapi?

Santuri ndogo ina upana wa inchi 7 na huzunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande hubeba muziki wa dakika tatu hadi tano hivi. Mtayarishaji, yaani yule aliyegharamia rekodi na kuipeleka sokoni, alichagua wimbo aliodhani utauzika na kuuweka upande A. Upande wa pili ilikuwa lazima ujazwe, maana plastiki ilikuwa imeshalipiwa. Huko ndiko ulikoishia wimbo ambao bendi iliupenda na mtayarishaji hakuuelewa, au jaribio la mtindo mpya, au kitu kilichorekodiwa haraka kabla muda wa studio haujaisha.

Mambo haya yako kote duniani. Mwaka 1992 Nirvana walikusanya nyimbo zao za kando wakatoa Incesticide. Mwaka 1998 Oasis wa Uingereza wakatoa The Masterplan, na hadi leo wapo mashabiki wao wanaoapa kwamba nyimbo za upande B zinazishinda zile zilizotamba. Wapenzi wa emo, yaani ile roki inayoimba huzuni na mapenzi ya ujana bila kujificha, wanaujua vilevile mjadala huu: The Get Up Kids, bendi ya Kansas City, walitoa Eudora mwaka 2001 kwa kukusanya nyimbo zilizokuwa zimetawanyika kwenye santuri ndogo na matoleo mengine. Shabiki wa emo hupenda mikusanyo ya namna hiyo kwa sababu moja: anaamini kwamba mahali ambapo msanii hakutarajia kusikilizwa na wengi, ndipo aliposema ukweli wake. Shikilia wazo hilo, tutalihitaji tukifika Dandora.

Nairobi, upande B ulipewa kazi nyingine pia. Katika miaka ya 1970 bendi za rumba za hapa, Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Mazembe, zilipiga nyimbo ndefu za kuchezewa dansi. Wimbo wa dakika nane haukuenea upande mmoja, ukakatwa: Sehemu ya Kwanza huku, Sehemu ya Pili kule. Maneno na kisa vilikaa upande A. Upande B ndiko magitaa yalikoachiwa yajibizane, mwendo ukachangamka, mwimbaji akabaki kutaja majina ya wapiga ala na marafiki wa bendi. Redio wakati huo ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, na muda wake ulikuwa na wenyewe: habari, salamu, matangazo ya vifo. Sehemu ya Kwanza ikipigwa, zamu ilikwenda kwa msanii mwingine. Aliyeujua wimbo kwa redio aliijua nusu yake.

Nusu ya pili ilikuwa ya watu waliokutana ana kwa ana. Mtu mwenye gramafoni ya betri Maringo au Mbotela, katika nyumba za chumba kimoja zilizopakana ukuta kwa ukuta, hakuwa na namna ya kusikiliza peke yake. Sehemu ya Pili ilichezwa mlango ukiwa wazi. Katika baa zenye jukeboksi, ile mashine ya kumeza sarafu na kupiga santuri unayoichagua, mteja aliyebonyeza upande B alijitambulisha kuwa mjuzi. Wapiga benga nao, kina D.O. Misiani na Shirati Jazz yake, mara nyingine waliutumia upande wa pili kwa wimbo mwingine kabisa, na wapo wapenzi wa benga wanaoweza kukutajia santuri kwa wimbo wake wa nyuma kabla ya kukutajia wa mbele.

Kwa ufupi: upande B ulikuwa mabaki kwa mtayarishaji, uwanja huru kwa bendi, na kwa mpenzi wa muziki ulikuwa dalili kwamba amenunua santuri yake mwenyewe.

Sindano haina adabu

Kuna sababu moja ya kimaumbile inayofanya nyimbo za upande B ziwe nyingi kwenye mikusanyo ya siku hizi, na sijaona ikitajwa vya kutosha.

Sindano ya gramafoni hugusa plastiki na kuila kidogo kila inapopita. Santuri iliyochezwa upande A kila mwisho wa wiki kwa miaka kadhaa hutoa sauti ya mahamri yakikaangwa. Igeuze: upande B umetulia, gitaa linasikika hadi kidole kikiteleza kwenye waya. Sasa kumbuka kwamba kanda mama, yaani rekodi ya asili iliyotoka studio, za nyimbo nyingi za Nairobi za miaka ya 1970 hazipo tena. Anayetaka kuzitoa upya mara nyingi hulazimika kunakili kutoka kwenye santuri yenyewe. Akiwa na santuri moja tu, na upande A umechakaa, atachagua upande B hata kama alikuja kutafuta wa kwanza.

Maana yake ni hii: baadhi ya nyimbo zinazosifiwa leo kuwa lulu zilizosahaulika zilisalia kwa kuwa hazikupendwa wakati wake. Zilizopendwa zilipendwa mpaka zikaisha.

Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa rekodi 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimewahi kutoka kwenye santuri ndogo pekee, tena kwa nakala chache. Mkusanyo wa pili ukafuata 2016. Katika ule wa kwanza mna Mu Africa wa Rift Valley Brothers na Sina Raha wa Hafusa Abasi na Slim Ali wakiwa na Yahoos Band, nyimbo ambazo kijana wa leo anaweza kudhani zilipigwa jana. Niliusikiliza mkusanyo huo kwa furaha kubwa. Lakini kuna lawama dhidi ya mikusanyo ya aina hii ambayo ni ya haki. Wazee waliocheza dansi katika kumbi za Kaloleni na Pumwani husema: hii siyo Nairobi tuliyoishi, hii ni Nairobi ambayo masikio ya Ulaya yangependa kuipata. Wimbo wenye ladha ya fanki unachukuliwa mbio. Wimbo wa taratibu wa kumlilia mpenzi, ambao ndio uliowaliza watu wa Bahati, unaachwa mara ya pili.

Nadhani wazee hao wana haki kwa sehemu. Wimbo uliotamba haukosi mtu wa kuuinua tena. Kasongo wa Super Mazembe uliibuka upya mwishoni mwa 2024 kwenye midomo ya vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto ulipotoka, na hapakuhitajika kampuni ya kuuokoa. Vipindi vya zilizopendwa navyo hurudia orodha ile ile mwaka hata mwaka. Kwa hiyo anayekusanya nyimbo adimu hana budi kuacha zilizotamba. Kosa huja pale anapochagua kwa ladha yake tu, bila kuuliza ni upande B gani ulioishi maisha yake mtaani hata kama redio haikuujua.

Watu wa kuulizwa wapo. Melodica, katika Mtaa wa Tom Mboya, imekuwa ikiuza muziki tangu miaka ya 1970. Kule Kenyatta Market, Jimmy Rugami amekuwa akiuza na kutunza santuri kwa miaka mingi, na kibanda chake kimekuwa kama darasa. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilifuata njia hiyo mwaka 2008 ilipotoa Retracing the Benga Rhythm: muziki, filamu na kitabu pamoja, wakongwe wakihojiwa wenyewe. Shabiki anayesikia wimbo wa benga na wakati huohuo kumwona aliyeupiga akieleza kidole kilivyokaa kwenye waya hupata kitu ambacho rekodi peke yake haiwezi kumpa.

Dandora baada ya santuri

Kanda za kaseti zilikuja zikaua santuri ndogo. Kanda ilikuwa rahisi, ilibebeka, na kwa bahati mbaya ilinakilika kwa urahisi. Katika miaka ya 1980 wanakili haramu walikula soko mpaka watayarishaji wengi wa River Road wakaacha kuchapisha santuri. Upande B kama kitu cha kushika ukaisha. Nyimbo zilizoachwa hazikuisha. Zilibadilisha makao tu.

Dandora yenyewe ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000, kila kimoja na maji na choo, mwenye kiwanja ajijengee kadiri ya uwezo wake. Jirani yake likawekwa jaa la taka la jiji zima. Watoto waliokulia hapo ndio walioleta hip hop ya Kiswahili na Sheng iliyobadilisha muziki wa Kenya. Kalamashaka walikuwa watatu: Kamaa, Oteraw na Johny Vigeti. Wimbo wao Tafsiri Hii, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulithibitisha kwamba rapa anaweza kusema kwa lugha ya mtaa wake na nchi nzima ikatega sikio. Capital FM ilikuwa imefungua milango mwaka 1996, redio binafsi zikaanza kuongezeka, na mtayarishaji Tedd Josiah akatoa mikusanyo ya wasanii chipukizi, Kenyan: The First Chapter mwaka 1998 na wa pili mwaka uliofuata.

Nyuma ya Kalamashaka kulikuwa na umati. Vijana waliokuwa wakikutana Dandora walijiita Mau Mau Camp, wakaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, likazaliwa kundi la Ukoo Flani Mau Mau lenye marapa wengi kuliko ambavyo albamu yoyote ingeweza kuwabeba. Mwaka 2004 rapa Nynke Nauta wa Uholanzi aliwakusanya marapa wa Eastlands kwa jina la Nairobi Yetu, ikatoka albamu ya Kilio Cha Haki. Mwaka 2006 Ukoo Flani Mau Mau wakatoa Dandora Burning. Hizo ndizo zilizopata jalada na jina. Kati ya albamu na albamu kulikuwa na nyimbo zilizopigwa redioni mara mbili zikatoweka, ubeti uliokatwa wimbo ulipofupishwa, rekodi za majaribio ambazo watu wa muziki huziita demo, na mistari iliyotemwa jukwaani bila mtu wa kuirekodi isipokuwa shabiki mmoja mwenye kinasa sauti.

Kwa nini ziliachwa? Studio ililipiwa kwa saa, na kijana wa Phase 4 ya Dandora aliyechanga nauli hakuwa na saa nyingi. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na nafasi finyu, hivyo rekodi isiyokuwa na mlipaji ilifutwa ili ya mwenye pesa iingie. Halafu kuna maudhui. Wimbo uliomtaja askari anayewapiga vijana risasi, au mwanasiasa anayenunua kura kwa unga, ulimpa mtangazaji sababu ya kusita. Wimbo wa mapenzi wa msanii yuleyule haukumpa. Kwa hiyo kilichobaki nje ya albamu na nje ya redio mara nyingi ni kile ambacho msanii alikisema kwa ukali zaidi. Lile wazo la mashabiki wa emo, kwamba ukweli umelala kando, huku lina uzito wa ziada. Kule msanii aliachia siri ya moyo wake upande B. Huku aliachia ushahidi.

Njia ya nyimbo hizi kumfikia mtu ilikuwa matatu. Manyanga ya namba 58 ya Buru Buru yalishindana kwa spika na taa, na dereva mwenye miksi ambayo jirani yake hana alijaza gari haraka. DJ wa mtaa aliiba sekunde arobaini za wimbo uliokosekana, akazibandika kati ya nyimbo mbili maarufu, na abiria akashuka akiuliza: ile ilikuwa ya nani? Kwa mashabiki wengi wa rika langu, wimbo adimu wa Dandora una urefu wa sekunde arobaini na una sauti ya konda akiita abiria katikati.

Mashabiki wanagombania nini hasa

Ukikaa na watu wanaojali muziki huu, katika kinyozi cha Kariobangi au kijiwe chochote cha Kayole, mabishano huwa makali, tena yana mpangilio. Nitaeleza manne.

La kwanza ni sauti. Rekodi ya zamani ikitolewa upya husafishwa: miungurumo inapunguzwa, besi inaongezwa, sauti ya rapa inaletwa mbele. Kijana anafurahi kwa sababu hatimaye anasikia maneno. Shabiki wa zamani anakunja uso. Aliurekodi wimbo huo kutoka redioni, mtangazaji akiongea juu ya utangulizi, betri za kinasa zikiwa zimechoka. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, mashine huenda polepole. Ukija kuicheza kanda hiyo kwa betri mpya, wimbo hukimbia na sauti hupanda. Kwa hiyo ameujua wimbo kwa kasi ambayo haikuwahi kuwepo studio, akaupenda hivyo kwa miaka ishirini. Ukimpa toleo sahihi anaona umemharibia. Mimi nasimama na toleo sahihi, kwa sharti kwamba usafishaji usiue chumba: mwangwi wa kuta za studio ndogo ni sehemu ya rekodi, na wengi wanaosafisha huufuta wakidhani ni uchafu.

La pili ni demo. Je, ni haki kutoa wimbo ambao msanii hakuumaliza? Wapo wanaosema kila kitu kitolewe, historia haina takataka. Wapo wanaosema rapa aliyerudia ubeti mara tatu alifanya hivyo kwa sababu wa kwanza hakuutaka. Nakubaliana na wa pili msanii akiwa hai na akisema hapana. Lakini demo inayoonyesha mstari ulivyokuwa kabla ya kulainishwa kwa ajili ya redio ni jambo lingine, hiyo ni hati. Shabiki anayeweka matoleo mawili sambamba na kusikia ni neno gani lililotolewa anajifunza zaidi kuhusu Nairobi ya miaka hiyo kuliko akisoma hotuba nyingi.

La tatu, na ndilo chungu zaidi, ni waliokosekana. Kundi kubwa kama Ukoo Flani Mau Mau halina mkusanyo utakaomridhisha kila mtu. Kila shabiki ana rapa wake ambaye alitoa ubeti mmoja wa kukata na shoka kisha akaenda kutafuta riziki nyingine, au akafariki. Wa Huruma atauliza mbona hakuna ngoma zaidi za Mashifta, wale wawili, Kitu Sewer na G-Wiji. Wa Kariobangi South ataleta hoja ya K-South. Wa California, kando ya Eastleigh, atakumbusha kwamba Jua Cali na Clemo walianzisha Calif Records mwaka 2000 na kwamba mtindo wao wa genge nao una nyimbo zake za kando. Mgeni anaweza kuona huu ni ukabila wa mitaa. Mimi naona ni orodha inayoandikwa kwa mdomo, kwa sababu hakuna aliyeiandika kwa kalamu. Kila jina linalotajwa kwa hasira ni mtu aliyekuwemo.

La nne ni mkusanyo umetengenezewa nani. Santuri nzito, zenye picha nzuri za zamani na kijitabu cha Kiingereza, zinauzwa kwa yuro. Ni kazi safi na mara nyingi imefanywa kwa upendo. Hata mkusanyo wa Issa Juma, mwimbaji wa rumba ya Kiswahili aliyetamba Nairobi miaka ya 1980, ulitolewa na kampuni ya Sterns ya London. Lakini mtu wa Makadara aliyelipa kiingilio kuiona bendi ikipiga hana gramafoni tena, na wimbo wake umerudi kwa umbo asiloweza kulicheza. Tangu Spotify ifike Kenya Februari 2021 hali imekuwa nafuu kidogo, maana baadhi ya mikusanyo hiyo inapatikana kwenye simu. Bado kijitabu, ambacho ndicho kina majina ya wapiga ala, hakiji na simu.

Kutokana na mabishano hayo, haya ndiyo maswali ambayo shabiki makini huuliza mkusanyo ukitoka:

- Majina ya waliocheza na kuimba yametajwa, au ni jina la kundi tu?
- Imesemwa rekodi ilitoka wapi: kanda mama, santuri, au redio?
- Wimbo umewekwa mzima, Sehemu ya Kwanza na ya Pili, au umekatwa tena?
- Waliobaki hai wameulizwa?
- Mtu wa mtaa ulikozaliwa wimbo anaweza kuupata kwa bei anayoimudu?

Mkusanyo unaopata jibu zuri kwa matatu kati ya hayo tayari ni kazi ya maana. Unaopata yote matano sijauona.

Pesa zinakwenda wapi?

Hapa sheria ina usemi. Hakimiliki ni haki ya mwenye kazi kuamua nani ainakili na kwa malipo gani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatofautisha vitu viwili ambavyo mashabiki huvichanganya. Rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile, hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi, yaani maneno na tuni, hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo rekodi ya 1978 inalindwa hadi mwisho wa 2028, na rekodi ya Dandora ya 2001 hadi mwisho wa 2051. Mtunzi aliyefariki mwaka 2000 bado familia yake ina haki mpaka mwisho wa 2050, hata kama rekodi yenyewe imekuwa huru.

Mwenye rekodi mara nyingi ni mtayarishaji aliyelipia studio. Mpiga gitaa la kati alilipwa siku ile na kuondoka. Ndiyo maana unasikia malalamiko kwamba wimbo umetoka upya Ulaya na aliyeupiga hana habari. Pengine kampuni ilimlipa mwenye rekodi kihalali kabisa. Sheria imetimizwa na mzee wa mtaa wa Jerusalem hajaona shilingi. Mashabiki wanaosema mkusanyo bora utenge fungu kwa wapiga ala, hata pale sheria haidai, wanadai jambo dogo sana, na kampuni inayojiita mpenzi wa muziki huu haina sababu ya kulikataa.

Ukiwa na kanda nyumbani

Wengi watakaosoma sura hii wana kanda mahali fulani, kwenye katoni pamoja na vyeti vya shule. Usikimbilie kuicheza. Kwanza angalia ukingo wa juu wa kaseti: kuna vijino viwili vya plastiki. Vikiwa vipo, vivunje, ili mashine isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe yote, ili utepe ulegee. Utepe uliokaa miaka mingi bila kusogea hunata na kukatika ukianza kuuchezesha ghafla. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Unganisha tundu la vipokea sauti na kompyuta kwa waya, na unakili upande wote mfululizo bila kuruka mahali ambapo mtangazaji anaongea, maana jina la kipindi na saa inayotajwa huweza kukupa mwaka wa rekodi. Hifadhi katika muundo usiobanwa. Faili itakuwa kubwa, kubali iwe kubwa.

Kisha andika. Nani aliyerekodi, mtaa gani, kutoka redio ipi au jukwaa lipi, nani anasikika. Ndugu wawili wakikumbuka tofauti, andika kumbukumbu zote mbili na jina la kila mmoja. Kwa santuri, nakili pia namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo, kwa kuwa lebo hubanduka na namba hubaki. Kabla hujaisambaza kwa watu, mtafute msanii au familia yake umwonyeshe ulichonacho. Wasanii wengi wa Dandora bado wako karibu, na yawezekana nakala yako ndiyo ya pekee iliyobaki ya ubeti wake.